Mgeni Njoo: Historia ya Mtaji wa Utalii Ikitazamwa kutoka Mchikichini

Wahenga wa pwani walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii ina pande mbili, na aghalabu ni upande wa kwanza tu unaokumbukwa. Serikali humwita mgeni kwa mabango, filamu na maonyesho ya ng'ambo. Lakini suala la mwenyeji, kwamba je, amepona au hakupona, huachwa lijijibu lenyewe.

Hata neno mtalii limepungua maana. Kutalii, neno lililotufikia kutoka Kiarabu, kulikuwa ni kuchungua jambo kwa makini, kama mwanachuoni anavyokitalii kitabu. Siku hizi mtalii ni mtu wa kutoka mbali aliyekuja kutazama simba au kulala ufukweni. Wenye kuhesabu wageni wa mataifa, hata hivyo, hawana ubaguzi huo. Kwao ni mtalii kila aliyetoka katika makazi yake ya kawaida akalala pengine kwa muda usiozidi mwaka, almuradi hakuja kuajiriwa na wenyeji. Kwa kipimo hicho, mfanyabiashara wa Lubumbashi aliyekuja Dar es Salaam kununua nguo, na mama wa Moroni aliyevuka bahari kutafuta vyombo vya harusi, ni watalii sawasawa na Mjerumani aliyeko Serengeti. Wageni wa namna hiyo ndio wanaoijaza Kariakoo na mtaa jirani wa Mchikichini.

Mchikichini ni kata ya Ilala, kati ya Kariakoo na bonde la Mto Msimbazi. Jina lake latokana na mchikichi, mti wa mawese. Wengi huijua kwa soko lake la mitumba, liitwalo pia Karume, karibu na uwanja wa mpira wenye jina hilo la Rais wa Kwanza wa Zanzibar. Haimo katika vitabu vya kuwaongoza watalii. Lakini anayetaka kuielewa historia ya kuwekeza katika wageni nchini Tanzania hana budi kuanzia mahali kama hapo, kwa kuwa biashara ya kumlaza mgeni ilikuwa kongwe kabla neno uwekezaji halijasikika.

Wasomaji wa visiwani watafurahi kujua kwamba miongoni mwa majengo makongwe kabisa yaliyosalia Dar es Salaam limo lile lililojengwa kwa ajili ya wageni, na aliyelijenga ni mtawala wa Unguja. Sultani Majid bin Said alipoazimia kuugeuza mwambao wa Mzizima kuwa bandari yake, alijenga kasri, na kando yake, mnamo 1866 na 1867, nyumba ya mawe ya matumbawe ya kuwapokea wageni wake. Majid alifariki 1870, na ndugu yake Barghash hakuwa na hamu ya kuuendeleza mji ule. Nyumba ya wageni ikabaki. Leo inajulikana kwa jina la Boma la Kale.

Wajerumani walipouhamishia mji mkuu hapo kutoka Bagamoyo mwaka 1891, walimjengea mgeni wa aina nyingine. Hoteli ya Kaiserhof, ambayo baadaye iliitwa New Africa, ilikuwa ya maofisa, walowezi na abiria wa meli. Baada yao Waingereza waliugawa mji katika kanda tatu, Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na uwanda wa Mnazi Mmoja ukawa mpaka. Uswahilini yenyewe ilipata jina kutokana na wageni wasiokuja kwa hiari. Jeshi la Uingereza liliuteka mji Septemba 1916 na kuwaweka hapo wapagazi wa kikosi chake cha uchukuzi, Carrier Corps. Ulimi wa Kiswahili ukalilainisha jina hilo likawa Kariakoo. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki walikufa kwa njaa na maradhi katika vita visivyokuwa vyao. Mtaa uliokuja kuwa dukani kwa nchi nzima ulianza kuwa kambi ya watu waliobebeshwa mizigo ya wengine.

Katika mtaa huo ulizaliwa mtaji wa aina yake, nao ni nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita. Ukumbi hupita katikati kutoka barazani hadi uani. Vyumba vitatu huwa mkono wa kulia, vitatu wa kushoto. Jiko, choo na kisima vimo uani. Mwenye nyumba hukaa chumba kimoja au viwili na kupangisha vilivyobaki. Wanawake wengi, wakiwamo wajane na walioachika, walizipata nyumba hizo kwa akiba ya kupika vitumbua au kuuza pombe, na zikawa ndiyo pensheni yao. J. A. K. Leslie, aliyeuchunguza mji mwaka 1956 na kitabu chake kutoka 1963, alieleza jinsi mtu wa bara alivyofikia kwanza kwa jamaa yake kabla ya kujitegemea. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mjini jembe liligeuka kodi ya chumba, na mgeni akawa mpangaji. Taratibu nyingine kati ya nyumba hizo ziliandikwa mlangoni "nyumba ya kulala wageni", au gesti kwa lugha ya mtaani.

Uhuru ulipokuja, dola nayo ilitaka kuwa mwenyeji. Hoteli ya Kilimanjaro ilifunguliwa 1965 mbele ya bandari. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, shirika la umma la utalii lilikabidhiwa hoteli za pwani na zile za mbugani. Unguja nayo katika miaka ya 1970 ilipata Hoteli ya Bwawani. Haikupita bila ya mabishano. Mwaka 1970 vijana wa TANU wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliuliza gazetini kama nchi ya ujamaa yaweza kujengwa kwa kuwatandikia vitanda matajiri wa Ulaya. Walidai kwamba fedha nyingi za hoteli hurudi zilikotoka kwa kununulia vyakula, vifaa na huduma za wataalamu, na kwamba kazi ya kunyenyekea huumba watu wanyenyekevu. Wenzao wakawajibu kwamba nchi maskini haiwezi kuikataa fedha ya kigeni kwa sababu ya fahari. Mjadala huo ulikusanywa na Issa Shivji katika kitabu kilichotoka 1973, na hoja zake hazijachakaa. Ila pande zote mbili zilimzungumzia mgeni mmoja tu, yule wa Ulaya. Aliyelala gesti ya Kariakoo hakutajwa na wapinzani wala watetezi.

Aprili 1971 ikapitishwa sheria ya kutwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000. Maghorofa mengi ya Uhindini yakaingia mikononi mwa Msajili wa Majumba. Nyumba za miti na udongo za Kariakoo na Ilala, kwa uchache wa thamani yake, aghalabu zilisalimika. Kisha mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Kenya ukafungwa. Watalii waliokuwa wakipitia Nairobi wakakatika, na mwaka uliofuata vita vya Kagera vikaanza. Hoteli kubwa zikabaki na vyumba vitupu. Kariakoo haikukosa wageni, kwa kuwa wake hawakuwa wakifuata simba. Walifuata bidhaa, hospitali, mahakama na jamaa.

Mlango ukafunguliwa upya. Bajeti ya 1984 iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, na mitumba ikarudi sokoni. Zanzibar ilitunga sheria ya kulinda vitega uchumi mwaka 1986, na fukwe zake zikaanza kukodishwa kwa wajenzi wa hoteli. Kisha ukaja mwaka 1991, ambao wanahistoria wa utalii hawana budi kuutia alama. Februari mwaka huo Halmashauri Kuu ya CCM, ikikutana Zanzibar, ililegeza masharti ya Arusha, na kiongozi akaruhusiwa kumiliki hisa na nyumba ya kupangisha. Mwaka huohuo ilitoka Sera ya Taifa ya Utalii, iliyomkaribisha mwenye mtaji binafsi. Kwa hiyo biashara ya chumba cha kupangisha, iliyokuwa haramu kwa kiongozi kwa zaidi ya miaka 20, ilihalalishwa ndani ya mwaka uleule ambao biashara ya hoteli ilifunguliwa.

Sheria ya Uwekezaji ya 1997 ikaja kuweka kipimo. Aliyetaka cheti cha uwekezaji na nafuu zake za kodi alitakiwa awe na mradi wa dola 300,000 akiwa mgeni, na dola 100,000 akiwa mwananchi. Hapa tarakimu zina kisa cha kuzingatiwa. Sheria ya 1971 ilichora mstari wa shilingi laki moja, ikawatwaa waliokuwa juu yake. Sheria ya 1997 ilichora mstari wa dola laki moja, ikawaacha waliokuwa chini yake. Mwenye nyumba ya vyumba sita alikuwa chini ya mistari yote miwili. Mara ya kwanza udogo wake ulimwokoa. Mara ya pili ulimfanya asionekane. Mwaka 2022 kiwango cha mwananchi kilishushwa hadi dola 50,000, nayo ni hatua njema. Lakini fedha hizo huzidi shilingi milioni 100, na mama wa gesti ya Mchikichini hana pa kuzipata.

Wakati huo Kariakoo yenyewe iligeuka. Kuanzia miaka ya 1990 nyumba za vyumba sita zilibomolewa moja baada ya moja na maghorofa yakapanda. Wapo wenye nyumba waliouza na kuhamia pembezoni, na wapo walioingia ubia na wenye fedha. Vyumba vya kulala wageni vikahamia juu, maduka yakajaa chini. Kutoka Zambia, Malawi, Burundi, Kongo, Komoro na Msumbiji wanunuzi wakazidi kuja. Fedha yao huanza kutumika siku ileile wanapofika, na humfikia mwenye gesti, mama ntilie, mpiga pasi, mfungaji wa marobota, msukuma mkokoteni na wakala wa mabasi. Ile hoja ya 1970, kwamba fedha ya mgeni hurudi ilikotoka, hapa haina nguvu kubwa, kwa sababu mgeni wa Kariakoo hula wali na samaki wa hapo hapo na kulala katika shuka iliyonunuliwa mtaa wa pili.

Lakini mtaji usioonekana huteketea bila ya kuonekana. Julai 2021 soko kuu la Kariakoo, kazi ya mbunifu Beda Amuli iliyofunguliwa 1975, liliungua. Januari 2022 moto ukala vibanda vya Mchikichini. Novemba 2024 ghorofa liliporomoka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20. Hoteli ya ufukweni ikiungua, nchi huhesabu hasara ya sekta ya utalii. Kibanda kikiungua, huhesabiwa balaa la wachuuzi.

Kuna dalili za mwamko. Februari 2025 ilizinduliwa Kariakoo biashara ya saa 24, hatua inayomfaa mgeni mwenye siku chache. Julai mwaka huohuo, kufuatia malalamiko ya wafanyabiashara wa Kariakoo juu ya wageni walioingia katika uchuuzi, serikali iliwazuia wasio raia kufanya baadhi ya biashara, zikiwamo za rejareja, maduka ya vinyago na uongozaji wa watalii. Mchuuzi wa Kariakoo na kijana anayeongoza watalii mbugani waliwekwa katika orodha moja. Amri hiyo ina wapinzani wake, na kumzuia mgeni si sawa na kumwezesha mwenyeji. Hata hivyo orodha ile imekiri jambo ambalo sera zilikuwa zimelipita, kwamba riziki ya hawa wawili ni moja.

Mwaka 2024 wageni wa mataifa walioingia Tanzania walipindukia milioni 2, na idadi hiyo hutajwa kwa fahari. Ndani yake wamo waliovuka Tunduma kwa basi na waliotua Kilimanjaro kwa ndege. Wote wamehesabiwa, kilichobaki ni kuwahesabu wenyeji wao. Mkopo wa riba nafuu kwa mwenye vyumba sita, ukaguzi wa kweli wa maghorofa na bima ya vibanda ni uwekezaji katika utalii kama ulivyo uwanja wa ndege. Majid alijenga nyumba ya wageni kabla mji wake haujapata watu. Mchikichini watu wapo na wageni wapo, na miaka yote hiyo wenyeji wamejenga kwa senti zao. Methali haikusema mgeni njoo, nchi ipate sifa. Ilisema mwenyeji apone.