Baba Krismasi anapiga hodi: The Vault of Horror, toleo la 35

Wadau, kila Desemba inapokaribia kuna watu huuliza kuhusu ile hadithi ya mwehu aliyevaa nguo za Baba Krismasi. Wengi wameiona kwenye filamu au kwenye luninga, wachache wanajua ilikotoka. Basi haya ndiyo maelezo yake.

The Vault of Horror kilikuwa kitabu cha katuni za kutisha cha Marekani, kikitolewa na kampuni ya EC ya New York kila baada ya miezi miwili, bei senti 10. Kilianza na namba 12 mwaka 1950, maana kilirithi hesabu ya kitabu kingine cha kampuni hiyo hiyo kilichokuwa cha habari za uhalifu. Toleo la 35 lina tarehe ya Februari-Machi 1954. Usidanganyike na tarehe hiyo. Wachapishaji wa enzi zile walikuwa wanaweka tarehe ya mbele ili kitabu kisionekane kimechacha mezani kwa muuzaji, kwa hiyo hili lilikuwa toleo la msimu wa Krismasi ya 1953.

Halafu cheki kichekesho hiki: EC ilianzishwa na Max Gaines, na moja ya kazi zake ilikuwa kuchapa hadithi za Biblia kwa picha. Mzee alikufa kwa ajali ya boti mwaka 1947, akamwachia mwanawe William. Kijana akaona Biblia hailipi, akahamia kwenye majini na maiti.

Kwenye vitabu vya EC hadithi haianzi hivi hivi. Kuna msimulizi wa kuzimu anayekukaribisha, anakutania, na mwisho anacheka. Walikuwa watatu: Crypt-Keeper, Vault-Keeper na bibi kizee mchawi, Old Witch. Kila mmoja alikuwa na kitabu chake, lakini walitembeleana. Kawaida ya hadithi zao ni kwamba mtu anaua, anazika, anadhani mambo yamekwisha, kumbe marehemu anarudi mwenyewe kudai haki yake.

Hadithi inayofanya toleo la 35 likumbukwe inaitwa "And All Through the House", kichwa kilichochukuliwa kwenye shairi maarufu la Krismasi la Wamarekani la mwaka 1823. Aliyechora ni Johnny Craig. Usiku wa kuamkia Krismasi mke anamuua mumewe ndani ya nyumba, huku binti yao mdogo amelala ghorofani akimsubiri Baba Krismasi. Mama anahangaika kuficha maiti. Mara redio inatangaza: kuna mwehu muuaji ametoroka, yuko mtaani, amevaa mavazi mekundu ya Baba Krismasi. Na kweli, jamaa anatokea nje ya nyumba hiyo hiyo.

Sasa hapo ndipo utamu ulipo. Mtu mwingine yeyote angepiga simu polisi. Huyu hawezi! Polisi wakija watamkuta mumewe sakafuni. Inabidi afunge milango na madirisha mwenyewe, mbio huku mbio kule. Anadhani amemaliza, kumbe amesahau mtu mmoja. Mtoto amechungulia, amemwona mgeni wake aliyemsubiri mwaka mzima, akamfungulia mlango kwa furaha.

Hakuna jini hapo, hakuna maiti inayofufuka. Kitu pekee cha kuzimu ni msimulizi. Kwa maoni yangu ndiyo maana hadithi hii imeishi kuliko nyingi za wenzake: hukumu inaletwa na mtoto asiye na hatia, kwa kuamini kile ambacho wazazi wenyewe walimfundisha. Craig naye hakuwa mtu wa kumwaga utumbo kwenye kurasa kama wachoraji wengine wa EC. Michoro yake ni safi, watu wamevaa vizuri, nyumba nzuri, na hilo ndilo linatisha zaidi.

Msimu ule ule EC walijitia matatani kwa Krismasi nyingine. Kitabu chao kipya cha vichekesho, Panic, kilifanyia mzaha shairi lile lile, kwa michoro ya Will Elder, na gari la Baba Krismasi likabandikwa tangazo kwamba katoka kutoa talaka. Jimbo la Massachusetts likakipiga marufuku. New York polisi wakaingia ofisini, wakamkamata meneja wa biashara Lyle Stuart, ingawa kesi haikufika popote. Yaani mama muuaji alipita kimya kimya, kitabu cha vichekesho ndicho kikaleta polisi!

Lakini zamu ya katuni za kutisha nayo ilifika. Aprili 1954 kamati ya Seneti ilikaa New York kuchunguza kama vitabu hivi vinaharibu watoto, na daktari wa akili Fredric Wertham alikuwa ametoa kitabu kizima cha kuvishutumu. Gaines alikwenda mwenyewe kujitetea. Seneta Kefauver akamwonyesha jalada lenye mtu ameshika shoka na kichwa cha mwanamke, akauliza kama hiyo ni staha. Gaines akajibu ndiyo, kwa kitabu cha kutisha. Jibu hilo lilimmaliza mbele ya umma. Mchoraji wa jalada lile? Johnny Craig huyu huyu.

Oktoba 1954 wachapishaji walijiwekea kanuni: maneno "horror" na "terror" yakatolewa kwenye majina ya vitabu, maiti zinazotembea na wanyonya damu marufuku. The Vault of Horror kikafa na namba 40. Gaines akabaki na jarida la vichekesho la Mad, Craig akaenda kuchora matangazo. Kanuni zililegezwa mwaka 1971, na kufikia 2011 hakuna kampuni kubwa iliyokuwa ikizifuata tena.

Kuhusu filamu, ya kwanza ni Tales from the Crypt ya Uingereza, 1972, ya Freddie Francis, na Joan Collins ndiye mama muuaji. Ya pili ni ya luninga, HBO 1989, ya Robert Zemeckis. Humo mama anapata wazo la kumsingizia mwehu mauaji ya mumewe. Angalizo kwa wanaotafuta: kuna filamu ya 1973 inayoitwa Vault of Horror, lakini hadithi hii haimo. Kwa kweli humo hamna hata hadithi moja iliyotoka kwenye kitabu hicho.