'Jolene': Kibao cha wivu kilichomsihi mpinzani badala ya kumtukana

DOLLY Parton aliurekodi wimbo wa Jolene Mei 1973 katika Studio B ya kampuni ya RCA mjini Nashville, Marekani. Wimbo huo, unaomhusu mwanamke anayehofia kunyang'anywa mume, ulitolewa Oktoba mwaka huo, na Februari 1974 ukashika nafasi ya kwanza katika chati ya muziki wa kantri ya jarida la Billboard. Nchini Uingereza ulifika nafasi ya saba mwaka 1976.

Mtunzi ni Parton mwenyewe, aliyezaliwa Januari 19, 1946 katika jimbo la Tennessee, akiwa mtoto wa nne katika familia ya watoto 12. Alifunga ndoa na Carl Dean Mei 30, 1966.

Kwa mujibu wa maelezo ambayo Parton ameyatoa mara nyingi, chanzo cha kisa hicho ni karani mmoja wa benki, mwanamke mwenye nywele nyekundu, aliyeanza kumtupia jicho mumewe wakati ndoa yao ikiwa bado changa. Mume naye akawa haishi safari za benki. Jina la Jolene, hata hivyo, halikuwa la karani huyo. Lilikuwa la msichana mdogo aliyemwendea Parton kwenye onyesho kuomba saini. Mwanamuziki huyo alivutiwa na jina hilo, akamwahidi mtoto kwamba angelitungia wimbo.

Wivu haukuwa jambo geni katika muziki wa kantri. Mwaka 1968 Loretta Lynn alishika nafasi ya kwanza kwa kibao chake cha Fist City, ambacho kilimtishia kipigo mwanamke aliyemnyemelea mumewe.

Parton alipita njia nyingine. Mwanamke wa katika wimbo wake hatoi vitisho wala hampigi mwenzake mipasho. Anamsifia nywele, macho, ngozi na sauti, anakiri kwamba hawezi kushindana naye, kisha anamsihi asimchukulie mume kwa sababu tu ana uwezo wa kufanya hivyo.

Hapo ndipo ulipo uzito wa wimbo huo. Mume mwenyewe haulizwi lolote wala hajitetei. Kinachosikika kwake ni jina la mwanamke mwingine analolitaja usingizini. Hatima ya ndoa imewekwa mikononi mwa mpinzani, na wimbo unakwisha bila msikilizaji kuambiwa ombi hilo lilijibiwaje.

Muziki nao unaibeba hofu hiyo. Gitaa linadonolewa kwa kasi, kama moyo unaodunda kwa wasiwasi, na kila kiitikio kinaanza kwa jina la Jolene kutajwa mara nne. Wimbo mzima hauchukui hata dakika tatu.

Wasanii wengi wameurudia. Jack White wa kundi la The White Stripes aliuimba bila kuyabadili maneno yawe ya mwanamume, na toleo lao la jukwaani likatolewa mwaka 2004. Toleo ambalo Parton aliimba pamoja na kundi la Pentatonix lilishinda tuzo ya Grammy mwaka 2017.

Machi 2024 Beyoncé aliutoa upya katika albamu yake ya Cowboy Carter, lakini akageuza ombi kuwa onyo. Mwanamke wake hapigi magoti. Anamtahadharisha Jolene akae mbali.

Matoleo hayo mawili yametenganishwa na nusu karne, na kila moja lina namna yake ya kuilinda ndoa. La Beyoncé linategemea ujasiri wa mwenye mume. La Parton linategemea huruma ya mwanamke mwenzake, silaha dhaifu zaidi, na ndiyo maana linaogofya zaidi.

Kwa upande wa Parton mwenyewe, karani wa benki hakufua dafu. Ndoa yake na Dean ilidumu kwa karibu miaka 59, hadi mume huyo alipofariki dunia Machi 3, 2025 akiwa na umri wa miaka 82.