Mlaji, Mteja au Mtumiaji? Historia Fupi ya Istilahi za Utetezi katika Bei za Maji na Umeme

Istilahi huzaliwa katika shughuli za watu, na mara nyingine huamua nani asikilizwe na nani anyamaze. Makala haya yanakusudia kulichunguza jambo hilo katika upangaji wa bei za maji na umeme wa majumbani.

Chini ya mpango wa maji vijijini wa miaka 20, ulioanzishwa mwaka 1971, mwanakijiji alipata maji bila malipo. Hapakuwa na bei ya kubishaniwa. Sera ya Maji ya mwaka 1991 ilipoleta uchangiaji wa gharama, mwananchi akawa mlipaji, na mlipaji akahitaji mtetezi.

Sheria ya mwaka 2001 iliunda Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA), iliyoanza kazi mwaka 2006, pamoja na Baraza la Ushauri la Watumiaji. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo ilizaa Baraza la Taifa la Utetezi wa Mlaji. Sheria zote mbili zilitungwa kwa Kiingereza, na neno moja la lugha hiyo likapata tafsiri mbili. Watoa huduma, kwa upande wao, huzoea neno la tatu: mteja.

Tuchukue mfano wa Kolandoto, kata ya Manispaa ya Shinyanga. Maji ya Ziwa Victoria huvutwa kutoka Ihelele, wilayani Misungwi. KASHWASA huyauza kwa jumla kwa SHUWASA, nayo huyauza kwa wakazi. EWURA ndiyo inayodhibiti bei zote mbili. Mwenye dira na ankara yenye jina lake ni mteja. Lakini mpangaji anayechangia ankara ya mwenye nyumba, au mama anayenunua maji kwa ndoo kioskini, hayumo katika daftari la wateja, ilhali bei ikipanda mzigo humfikia.

Neno mlaji nalo lina kasoro. Husemwa kwamba pasi inakula umeme; basi mlaji ni pasi, wala si mwenye nguo! Mtumiaji ndilo linalomkumbatia kila anayefikiwa na huduma, awe na dira au asiwe nayo.

Kadhalika, kabla ya kuamua maombi ya bei, EWURA huitisha "mkutano wa taftishi". Kwa asili yake ya Kiarabu, taftishi ni upekuzi au ukaguzi. Mkazi asomaye tangazo hilo aweza kudhani anaitwa kukaguliwa, akabaki nyumbani. "Mkutano wa kupokea maoni kuhusu bei" ungemweleza wazi kwamba sauti yake ndiyo inayotakiwa.

Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria za Tanzania. Hivyo wafasiri wa sheria hawana budi kuwa waangalifu: neno watakaloliteua ndilo litakalomfungulia au kumfungia mwananchi mlango wa mkutano.