Mwito Usio na Mwitikiaji: Mjadala wa Kubadilisha Kaulimbiu ya Taifa la Afrika Kusini

Utangulizi

Mwito wa taifa ni maneno machache, lakini ndiyo maneno ambayo dola huyasema kwa niaba ya watu wake wote. Huandikwa chini ya nembo, hupigwa chapa juu ya sarafu na hati za serikali, na hupachikwa mahakamani na katika balozi za nchi za nje. Kwa hiyo, taifa linapokusudia kuubadilisha mwito wake, mjadala unaozuka hauwi juu ya maana ya maneno peke yake. Huwa pia juu ya lugha ya maneno hayo, na juu ya watu wanaoizungumza lugha hiyo au waliopata kuizungumza.

Mfano ulio bayana wa jambo hili ni Afrika Kusini. Tarehe 27 Aprili 2000, siku ya kuadhimisha mwaka wa sita tangu uchaguzi wa kwanza wa watu wote, Rais Thabo Mbeki aliizindua nembo mpya ya taifa. Mwito wa zamani wa Kilatini, Ex Unitate Vires, uliondolewa, na mahali pake pakawekwa maneno ya lugha ya /Xam: !ke e: /xarra //ke. Hivyo lugha moja iliyokufa iliondoka, na nyingine iliyokufa ikaingia. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi uamuzi huo ulivyofikiwa, kuzipima hoja zilizotolewa juu yake, na kuonyesha kwamba uzito wa mwito hautokani na maana yake tu bali hutokana pia na vinywa vinavyoweza kuuitikia.

Mwito wa Kilatini

Nembo ya kwanza ya Muungano wa Afrika Kusini ilitolewa na Mfalme George wa Tano wa Uingereza mwaka 1910, mwaka ambao makoloni manne, yaani Cape, Natal, Transvaal na Orange River, yaliunganishwa kuwa nchi moja. Mwito wake wa Kilatini ulilingana na usemi wa Kiholanzi uliokwisha kutumiwa na jamhuri ya Makaburu ya Transvaal, Eendracht maakt macht. Maana ya yote mawili haina ugeni kwa msemaji wa Kiswahili, kwani ni ile ile ya methali isemayo kwamba umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu.

Hapana budi kuuliza, hata hivyo, ni umoja wa nani uliokusudiwa. Mwaka 1910 waliounganishwa walikuwa Waingereza na Makaburu, watu waliotoka katika vita vya 1899 hadi 1902. Waafrika, ambao ndio walio wengi, hawakuwemo katika mapatano hayo, na miaka mitatu baadaye Sheria ya Ardhi ya 1913 iliwazuia kununua ardhi katika sehemu kubwa mno ya nchi yao wenyewe. Ilipotangazwa jamhuri mwaka 1961, tafsiri rasmi ya mwito iligeuzwa kidogo: neno lililomaanisha muungano wa nchi likawa neno lenye maana ya umoja. Maneno ya Kilatini yalibaki vile vile, na ubaguzi ulibaki vile vile. Si ajabu basi kwamba wengi waliutazama mwito huo kuwa ni kweli iliyosemwa na mtu asiye na haki ya kuisema.

Haja ya Mwito Mpya

Mwaka 1994 bendera ilibadilishwa, na mwaka 1997 wimbo wa taifa ukapewa sura yake ya sasa, lakini nembo ya 1910 iliendelea kutumika. Mwaka 1999 serikali iliwaalika wananchi watoe mawazo yao juu ya nembo mpya, na kazi ya kuichora ikamfikia Iaan Bekker. Suala la picha lilikuwa gumu, lakini suala la lugha lilikuwa gumu zaidi.

Katiba ya 1996 ilikuwa imezitambua lugha 11 kuwa rasmi: Kisepedi, Kisotho, Kitswana, Kiswazi, Kivenda, Kitsonga, Kiafrikana, Kiingereza, Kindebele, Kixhosa na Kizulu. Wimbo wa taifa ulilitatua tatizo hilo kwa kugawanya: beti zake zina lugha tano, kila moja ikipata fungu lake. Mwito hauwezi kugawanywa hivyo. Ukiandikwa kwa Kizulu, Mtswana atauliza kwa nini. Ukiandikwa kwa Kiingereza, yatakuwa yale yale ya 1910. Ndipo palipochaguliwa njia ya tatu, yaani kutumia lugha isiyo ya mtu yeyote aliye hai. Njia hii haikuwa ngeni duniani. Indonesia, yenye mamia ya lugha, ilichukua mwito wake kutoka katika Kijava cha kale na kuuweka katika nembo yake mwaka 1950.

Watu wa /Xam na Maandishi Yao

Watu wa /Xam walikuwa wawindaji wa jamii za Wasani waliokaa katika nyika kavu ya kaskazini mwa Cape. Katika karne ya 18 na ya 19 walowezi waliisogeza mifugo yao hadi kwenye visima vya watu hao, na vikosi vya wapanda farasi vikawawinda. Hakimu Louis Anthing, aliyetumwa huko mwaka 1862, aliiandikia serikali ya Cape taarifa ya mauaji hayo. Waliosalia walifanywa watumishi wa mashamba, na watoto wao wakakulia katika Kiafrikana.

Lugha yao isingalijulikana leo ila kwa kazi iliyofanywa katika nyumba moja ya Mowbray, karibu na mji wa Cape Town. Mwenye nyumba alikuwa Wilhelm Bleek, mtaalamu yule yule wa Kijerumani aliyeliingiza jina la "Bantu" katika isimu kwa kitabu chake cha 1862. Tangu mwaka 1870 yeye na shemeji yake, Lucy Lloyd, waliwapokea watu wa /Xam waliokuwa wafungwa wa gereza la Breakwater, wakajifunza lugha kwao na kuyaandika masimulizi yao. Aliyejulikana zaidi kati yao ni //Kabbo, mzee aliyefungwa kwa kosa la kuiba mifugo. Kifungo chake kilipokwisha, alikubali kubaki ili hadithi za watu wake zijulikane kwa njia ya vitabu, huku akiingojea bunduki aliyoahidiwa. Bleek alikufa mwaka 1875. Lloyd aliendelea, na sehemu ya kazi hiyo ikachapishwa London mwaka 1911. Daftari zao, zenye kurasa zipatazo 12,000, ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997. Wakati Dorothea Bleek, binti wa Wilhelm, alipokwenda Prieska na Kenhardt mnamo 1910 na 1911, aliwakuta wasemaji wachache mno. Baada yao lugha ilikufa.

Ni katika hazina hiyo kwamba mwanaakiolojia David Lewis-Williams wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, mchunguzi mashuhuri wa michoro ya Wasani ya mapangoni, aliutunga mwito alipoombwa na serikali. Yafaa ieleweke kwamba mwito huu si usemi ulionukuliwa kutoka kwa //Kabbo au mwenzake yeyote. Ni sentensi mpya iliyoundwa kwa maneno ya zamani.

Hoja na Majibu

Hoja ya kwanza dhidi ya mwito ilihusu matamshi. Ilisemwa kwamba wananchi wamepewa maneno wasiyoweza kuyatamka wala kuyasoma, na serikali yenyewe ililazimika kutoa maelekezo ya kuyatamka. Hoja hii ina ukweli, lakini haina ukweli kwa wote. Vidoko vitatu vilivyomo katika mwito, yaani !, / na //, vinakaribiana sana na vile vinavyoandikwa q, c na x katika Kixhosa na Kizulu, lugha zilizovipata vidoko vyao kwa kuishi karne nyingi pamoja na Wakhoi na Wasani. Msemaji wa Kixhosa anaweza kuukaribia mwito huu pasipo taabu kubwa. Anayeshindwa kabisa ni yule ambaye hakupata kujifunza lugha yoyote ya Kiafrika ya nchi hiyo yenye vidoko. Kwa hiyo ugumu wa matamshi ulifichua historia ya nani alijifunza lugha ya nani.

Hoja ya pili ilihusu maana. Tafsiri rasmi ni kwamba watu walio tofauti waungana. Neno kwa neno, !ke ni watu, e: ni kiunganishi cha "ambao", /xarra ni kuwa tofauti, na //ke ni kukutana au kuwa pamoja. Mwanaanthropolojia Alan Barnard wa Chuo Kikuu cha Edinburgh alionyesha mwaka 2003 kwamba mwito huu una chimbuko zaidi ya moja na maana zaidi ya moja. Mfasiri wa Kiswahili huliona jambo hilo mara moja, kwa sababu kitenzi cha Kiswahili humtaka achague: je, watu walio tofauti huungana, wameungana, au na waungane? La kwanza ni desturi, la pili ni sifa, la tatu ni ombi. Kiingereza cha tafsiri rasmi huyaficha yote matatu katika umbo moja, na katika nchi iliyotoka katika utengano miaka sita tu iliyopita, tofauti kati ya sifa na ombi haikuwa ndogo. Jambo moja ni dhahiri, hata hivyo: mwito wa 1910 ulianza na umoja, ilhali huu waanza na watu, kisha tofauti zao. Katika hilo unapatana na utangulizi wa Katiba ya 1996, unaosema kwamba nchi ni ya wote wakaao humo, wakiungana katika tofauti zao.

Hoja ya tatu ndiyo iliyo nzito. Watetezi walisema kwamba lugha ya /Xam haimpendelei mtu, na kwamba kuiandika katika nembo ni kuwaheshimu wenyeji wa kale waliotendewa unyama. Mbeki mwenyewe aliuhusisha mwito na ahadi ya kuheshimu lugha na tamaduni zote na kuyapinga mauaji ya kuangamiza watu. Lakini lugha hii haina mpinzani kwa sababu wasemaji wake walimalizwa. Uadilifu wake kwa makabila yote ni matunda ya dhuluma ile ile inayoombolezwa.

Isitoshe, lugha za jamaa zake hazikuwa zimekufa zote. Katika miaka ya 1990 iligunduliwa kwamba N/uu, iliyo ndugu wa karibu wa /Xam na iliyodhaniwa kuwa imekwisha, ilikuwa bado na wasemaji wazee, akiwamo Bi Elsie Vaalbooi. Kinama nacho kilikuwa na wasemaji maelfu. Katiba iliiagiza Bodi ya Lugha kuziendeleza lugha za Khoi, za Nama na za San, lakini haikuziweka katika orodha ya lugha rasmi. Orodha hiyo ilipoongezwa mwaka 2023, lugha ya 12 iliyoingia ilikuwa Lugha ya Ishara ya Afrika Kusini. Bi Katrina Esau, aliyekuja kuwa msemaji fasaha wa mwisho wa N/uu, aliwafundisha watoto lugha hiyo nyumbani kwake Upington, na mwaka 2014 alitunukiwa nishani ya taifa. Hivyo lugha iliyokufa ilipata nembo, na dada yake aliye hai akapata darasa la nyumbani.

Hitimisho

Neno mwito latokana na kuita, na aitwaye hutarajiwa kuitika. Mwaka 1963 Kenya iliandika katika nembo yake neno Harambee. Asili ya neno hilo imebishaniwa, lakini halikuhitaji maelekezo ya matamshi, kwa kuwa lilikuwa tayari katika vinywa vya watu wavutao kitu kizito pamoja, na mkutano mzima uliweza kulijibu. Mwito wa Afrika Kusini hauna mwitikio wa namna hiyo. Nguvu yake ni ya aina nyingine, ni ya jiwe la kaburi linalowakumbusha wapitao kwamba hapa palikuwa na watu.

Heshima hiyo si haba, na waliouchagua hawastahili kubezwa. Lakini hatari yake yazihusu nchi za Afrika Mashariki pia. Kidahalo cha Lamu, chenye vidoko vyake, na Kiyaaku cha msitu wa Mukogodo ni lugha za Kenya ambazo wasemaji wake wamepungua mno. Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinaitaka dola iziendeleze lugha za wenyeji. Mtihani wa kifungu hicho hautakuwa uzuri wa maneno ambayo siku moja yatachongwa kwa Kidahalo ukutani mwa jengo la serikali. Utakuwa idadi ya watoto watakaoweza kuyasoma na kuyaitikia.