Filta kubwa haiongezi nguvu za gari Machakos

MJI wa Machakos uko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni hafifu kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 15. Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho, na hakuna filta wala bomba pana la kufidia upungufu huo. Filta iliyo wazi, inayopendwa na vijana kwa mngurumo wake, mara nyingi huvuta hewa moto iliyo kando ya injini. Tena baadhi hupitisha vumbi la barabara zisizo na lami, linalokwangua silinda.

Kinachosaidia ni usafi. Mwaka 2009, maabara ya Oak Ridge nchini Marekani ilibaini kwamba kubadilisha filta iliyoziba huongeza wepesi wa gari kushika kasi kwa asilimia 6 hadi 11, ingawa petroli haiokolewi.