Nyasi bandia kando ya bwawa la kuogelea: kazi iko chini ya kapeti

Fundi mmoja kijana wa Bahi alitupigia simu katika kipindi chetu cha jioni. Alikuwa ametandika nyasi bandia kuzunguka bwawa la kuogelea la nyumba moja hapa Dodoma mjini, na kazi ikapendeza. Mvua ya kwanza iliponyesha, kapeti likavimba kama chapati na upande mmoja maji yakatuama. Mwenye nyumba akazuia fedha iliyobaki. Swali la fundi lilikuwa fupi: nimekosea wapi? Hewani tulimjibu kwa dakika tatu, na wengi mkatuomba tuliandike jambo hili kwa kirefu.

Nyasi bandia ni plastiki iliyochanwa nyuzi nyuzi, ikashonwa kwenye kitambaa kigumu na kupakwa gundi kwa nyuma. Zilipata umaarufu mwaka 1966 huko Houston, Marekani. Uwanja uitwao Astrodome ulikuwa na paa, nyasi hai zikafa kwa kukosa jua, ndipo wakatandika za plastiki. Kwetu wapenda soka wanazijua kutoka Uwanja wa Uhuru Dar es Salaam, Nyamagana Mwanza na Kaitaba Bukoba. Siku hizi zimeingia majumbani na kwenye nyumba za wageni, na hapa Dodoma sababu yake inaeleweka. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, kiasi cha milimita 500 hadi 600 kwa mwaka. Miezi iliyobaki ni jua na upepo wa vumbi.

Fanya hesabu hii. Ukoka ulio hai kwenye jua la kiangazi hutaka karibu lita 5 za maji kwa kila mita ya mraba kwa siku. Eneo la mita za mraba 60 kuzunguka bwawa ni lita 300, yaani madumu 15 ya lita 20, kila siku. Anayeteka maji kisimani Chamwino au Chemba anajua madumu 15 ni nini. Nyasi bandia huoshwa tu mara moja moja vumbi likizidi.

Sasa turudi kwa fundi wetu. Kosa lake halikuwa kwenye kapeti, lilikuwa kwenye udongo. Alitandika juu ya udongo mweusi wa mbugani, ule unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Udongo wa namna hiyo lazima uchimbwe na kutolewa, sentimita 20 au zaidi, ujazwe moramu na kushindiliwa. Kwenye udongo mwekundu wa kichanga, sentimita 10 kwa kawaida zinatosha. Juu yake weka kokoto ndogo, shindilia, halafu vumbi la kokoto sentimita 2 au 3, mwagia maji kidogo, shindilia tena mpaka ukitembea usiache alama ya kiatu. Shindilia tabaka kwa tabaka. Ukimwaga yote kwa pamoja, juu patakuwa pagumu na chini pamelegea.

Halafu mteremko. Maji yakimbie bwawa, yasielekee kwenye bwawa. Sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita moja zinatosha; tumia uzi na pima maji, usikisie kwa macho. Mwisho wa mteremko pawe na mfereji. Kabla ya kutandika, mwaga ndoo tano za maji na usubiri. Yakituama mahali, rekebisha hapo hapo, maana kapeti likishagundishwa kila kosa linakuwa ghali.

Jora la nyasi likunjuliwe juani kwa muda wa saa mbili au tatu ili mikunjo ilegee. Hakikisha kwa nyuma lina matundu ya kupitisha maji. Vipande vyote vielekeze majani upande mmoja, la sivyo rangi itaonekana mbili. Kata kwa kisu kikali kutoka nyuma. Maungio yashikwe kwa utepe wake na gundi isiyoogopa maji, na ukingoni mwa bwawa kapeti ligundishwe kwenye zege. Misumari mahali pa miguu mitupu hatuishauri hata kidogo.

Viwanjani humwagwa mchanga na punje za mpira katikati ya majani. Kando ya bwawa, punje za mpira ziache kabisa, na mchanga uwe kidogo, tena uliooshwa. Miguu na upepo huupeleka majini, kisha unaishia kwenye chujio na pampu. Ndoo ya klorini isiwekwe juu ya nyasi, na jiko la mkaa la nyama choma likae mbali: kaa moja likidondoka, umeshapata tundu.

Lipo jambo ambalo wauzaji hulipita haraka. Plastiki hii hupata moto. Saa saba mchana, jua likiwa wazi, inaweza kupita nyuzi joto 60 za Sentigredi, na mtoto anayetoka majini hana viatu. Kumwagia maji kunapoza kwa muda mfupi tu. Acha njia ya vigae vya rangi nyeupe visivyoteleza kutoka bwawani hadi kivulini, na kama kuna nafasi, weka turubai la kivuli. Mwambie mwenye nyumba mapema, asije akagundua mwanawe akilia.

Na kama bwawa halina uzio, shauri uzio uanze. Nyasi laini za kijani huita watoto wadogo kucheza ukingoni. Uzio wa mita 1.2 au zaidi, wenye mlango unaojifunga wenyewe, ndio wa kwanza kugharamiwa, nyasi zifuate.

Kuhusu fedha, fundi, andika makubaliano hata kwenye karatasi ya daftari: kuchimba na kushindilia iwe kazi moja yenye malipo yake, kutandika iwe nyingine. Tajiri akisema msingi hauna haja, aandike hivyo na kusaini. Yule wa Bahi alifunua upande uliotuama, akachimba upya kwa gharama yake, na amelipwa nusu ya kilichobaki. Nusu nyingine anasubiri mvua ipite.