Kila Utungo Una Mwenyewe



Mtu akiingia usiku katika shamba la mwenzake akakata mpunga, kisha akakamatwa na mzigo kichwani, sote tutamwita mwizi. Lakini mtu akiuchukua utungo wa mwenzake, akalifuta jina la mtungaji na kuliweka lake, aghlabu tunampigia makofi na kusema kijana ana kipaji. Kwa nini mpunga uwe na mwenyewe, na maneno yasiwe naye?

Sisi tusomeshao huku Michenga, katika bonde la Kilombero karibu na Ifakara, tunayaona yale yale mnayoyaona huko pwani. Vijana wa skuli, na hata wa madrasa, hupewa kazi ya kutengeneza filamu fupi kwa simu. Picha huzichukua mtandaoni, kaswida huitoa kwa mtu wa Unguja au Mombasa, na mwisho wa filamu hutokea majina yao peke yao. Mwalimu hutoa alama, wazazi hufurahi, na mwenye kaswida hana habari. Hapa hatuzungumzii hukumu ya ala na ngoma. Hilo lina mlango wake. Tunazungumzia haki ya mtu, na haki ya mtu haianguki hata kama alichokitunga hatukipendi.

Waislamu ndio watu wa mwisho wanaofaa kulipuuza jambo hili. Elimu yetu ya hadithi imesimama juu ya isnadi: fulani kapokea kwa fulani, naye kwa fulani, mpaka kwa Mtume (S.A.W.). Mlolongo ukikatika, wanavyuoni huihisabu hadithi kuwa dhaifu, hata kama maneno yake ni mazuri. Imamu Jalaluddin as-Suyuti wa Misri, aliyefariki mwaka 911 Hijria (1505), alimwona mtu aliyechukua kazi yake akaidai kuwa yake, akaandika risala nzima kumpambanua mtungaji na mwizi. Naye ni katika waliofundisha kwamba baraka ya elimu ni kuirudisha kauli kwa aliyeisema.

Wazee wetu wa pwani waliishika adabu hii. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mwaka 1840 bila kuacha kitabu kilichopigwa chapa. Tungo zake zilikaa vifuani mwa watu, mpaka karne hiyo ilipokaribia kwisha Mwalimu Sikujua bin Abdallah akazikusanya, akishirikiana na Mwingereza W. E. Taylor. William Hichens alizitoa kitabuni mwaka 1940, miaka 100 kamili baada ya mauti ya mshairi, na diwani ile ikaitwa kwa jina la Muyaka. Watu waliozihifadhi tungo zake walilihifadhi na jina lake. Lau wangelitupa, leo tungekuwa na mashairi mayatima.

Sasa tazama yaliyotokea baadaye, zilipokuja sahani za santuri. Wimbo "Malaika" ulirekodiwa na Fadhili William wa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1960. Miriam Makeba na Harry Belafonte wakauweka katika sahani yao ya mwaka 1965, na kundi la Boney M. la Ujerumani likauimba mwaka 1981. Dunia nzima ikaujua. Lakini Adam Salim, Mtanzania, alidai kuwa ndiye aliyeutunga tangu miaka ya 1940, na wengine nao wakadai. Fadhili William alifariki mwaka 2001, na ugomvi haukuzikwa naye. Linganisha na "Jambo Bwana", uliotungwa na Teddy Kalanda Harrison na kurekodiwa na kundi lake, Them Mushrooms, mwaka 1982. Boney M. hao hao waliuimba mwaka 1983, na mtungaji wake anajulikana mpaka leo. Nyimbo mbili za Kiswahili, waimbaji wale wale wa Ulaya. Tofauti ni kwamba mmoja jina la mtungaji liliwekwa wazi mapema, na mwingine lilibaki la kugombewa.

Usidhani hasara ni ya sifa tu. Solomon Linda, Mzulu wa Afrika Kusini, alirekodi wimbo "Mbube" mwaka 1939. Ukabadilishwa jina huko Marekani, ukaimbwa na wengi, ukaingia hata katika filamu ya Disney ya mwaka 1994. Linda alikufa fakiri mwaka 1962, akaacha mjane na watoto. Binti zake hawakupata sulhu ya malipo ila mwaka 2006, baada ya kwenda mahakamani. Miaka 44 baada ya mauti ya baba yao! Nasi tunajua Qurani inavyotisha juu ya mali ya mayatima.

Sharia na sheria za nchi zimekutana hapa. Baraza la Fiqhi la Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait cha Desemba 1988, liliamua kwamba haki za utungaji na uvumbuzi zinalindwa na wala haijuzu kuzivunja. Tanzania Bara ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, Kenya ya mwaka 2001 na Zanzibar ya mwaka 2003. Kwa sheria ya Bara, haki hudumu maisha ya mtungaji na miaka 50 baada yake. Mwenye kusomesha huruhusiwa kutumia sehemu ya kazi ya mtu kwa kiasi kinachohitajika, kwa sharti chanzo na jina la mtungaji vitajwe.

Basi, mzazi na mwalimu, mfundishe mwanao mambo matatu. Kwanza, aandike mwishoni mwa filamu: utungo wa fulani, sauti ya fulani, picha ya fulani. Wimbo wa kale usiojulikana mtungaji, amtaje aliyemwimbia na mahali alipousikia. Pili, ajue kuwa kutaja jina si kupata idhini. Akitaka wimbo mzima, au akitaka kuitoa kazi yake hadharani, amwombe mwenyewe. Tatu, asipopata idhini, atunge chake, hata kikiwa kifupi. Beti moja ya halali ni bora kuliko diwani ya wizi.

Mwenyezi Mungu, katika Sura ya Aali Imran, aya ya 188, amewaonya wanaopenda kusifiwa kwa wasiyoyatenda. Dhambi iliyo baina ya mja na Mola wake, Mola husamehe akitubiwa. Lakini haki ya mja husamehewa na mja mwenyewe. Ikiwa umemfuta jina lake, utamtafuta kwa jina gani umwombe radhi?

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa watu wa amana. Amin.